Bima ya Mwavuli na Mchi wa Mama Mkwe

Majira yale ya joto nilipiga marufuku kiyoyozi nyumbani kwetu. Kwanza nilimwambia mume wangu kuwa tunabana matumizi, akanitazama tu, kwa sababu ananijua. Nikabadilisha wimbo, nikasema baridi ya mashine inamtia mtoto mafua. Mtoto mwenyewe alikuwa amejaa vipele vya joto kuanzia shingoni hadi mgongoni. Guangzhou, huku China, mwezi wa saba si mji wa kukaa bila kiyoyozi, na hilo nililijua vizuri, maana nilikuwa nashinda na kanga iliyolowa jasho huku nikijidai sisikii kitu.

Sababu ya kweli ilikuwa mchi wa mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kutoka Unguja mtoto alipoanza kutembea, ili mimi niweze kurudi sokoni. Kazi yangu ni kununua vitambaa katika soko la Zhongda kwa niaba ya wateja wa nyumbani: wananitumia picha kwenye simu, mimi nazunguka maduka na sampuli mkononi mpaka nipate jora linalofanana. Alikuja na sanduku moja, na katikati ya nguo zake alikuwa amefunga kinu na mchi kwa kanga mbili. Mume wangu alimcheka, akamwambia hapa kila jikoni kuna mashine ya kusagia. Mama akajibu kuwa mashine inakipika kitunguu thomu kabla hakijafika kwenye sufuria. Alisema hivyo kwa upole na mjadala ukafungwa.

Tatizo la mji huu ni unyevu. Kuta zinatoka jasho, viatu vinaota ukungu kabatini, na mti usiopata hewa unaanza kunuka. Wiki chache tu baada ya kufika, mchi ulianza kufanya madoa ya kijani. Mama akatafuta mahali pakavu, akapapata. Chini ya dirisha letu la jikoni, upande wa nje, imefungwa ile mashine kubwa ya kiyoyozi inayotoa hewa ya moto. Juu yake ni bati tupu, na jua la asubuhi linapiga hapo moja kwa moja. Kila akimaliza kutwanga aliuosha mchi, akafungua dirisha, akanyoosha mkono na kuulaza pale.

Mchi wa mninga, mzito, mviringo, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Umelazwa juu ya bati, juu ya mashine inayotetemeka ikiwashwa, ghorofa ya nne. Na chini yake, moja kwa moja, anakaa fundi cherehani.

Fundi huyo ni mama wa makamo anayebadilisha zipu na kupunguza suruali kwenye kichochoro cha jengo letu. Nikitoka na pikipiki yangu ya umeme asubuhi, mtoto nimembeba mgongoni siku ambazo mama anataka kupumzika, yeye huacha cherehani na kumshika mtoto shavu. Hatuna lugha ya kuzungumza zaidi ya salamu. Lakini mara ya kwanza nilipouona ule mchi nje, nilichungulia chini, na kitu nilichokiona ni njia ya nywele zake, ule mstari mweupe katikati ya kichwa. Tangu siku ile sikuweza kumsalimia bila kuutazama mstari ule.

Mtu wa kawaida angesema, mama, tafadhali, mchi usiuweke pale. Mimi sikuweza. Najua anayesoma hapa ananishangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu mkaza mwana hamwambii mama mkwe vitu viwekwe wapi, hata kama nyumba ni yake. Mama yule ameacha nyumba yake, ameacha majirani zake na udi wake wa jioni, amekuja kulea mtoto wangu katika mji ambao hawezi hata kununua chumvi peke yake. Kisha mimi nimsahihishe kwa kitu alichokuja nacho mwenyewe? Nilijaribu njia za pembeni. Nilinunua kikapu cha waya nikakitundika karibu na jiko, akatia vitunguu. Nilimwomba mume wangu aseme yeye, akasema mambo ya jikoni ni ya wanawake. Nikiwa peke yangu niliuchukua mchi nikauingiza ndani, lakini akirudi kutoka kuswali alidhani umekauka, akautumia, akauosha, akaurudisha pale pale. Basi nikazima kiyoyozi, angalau mashine isitetemeke.

Nilikuwa nimefikia hapo ndipo jengo la jirani lilipopata msiba wake. Chungu cha maua kilianguka kutoka juu kikamvunja mtu bega. Hakuna aliyejua kimetoka dirisha gani, na hakuna aliyekubali. Habari zilifika kwenye kundi la simu la wapangaji, nikazipitisha kwenye kitafsiri, nikasoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilivyoelewa, sheria ya hapa ni kwamba mwenye kosa asipopatikana, nyumba zote zilizo upande ule wa jengo zinaweza kutakiwa kuchangia fidia, isipokuwa mwenye kuthibitisha kuwa si yeye. Watu walikuwa wakibishana kwenye kundi, wengine wakituma picha za madirisha yao kuonyesha hayana chungu. Nikasimama jikoni nikalitazama dirisha langu. Mimi nisingehitaji hata kubishana. Hata wangetafuta Guangzhou nzima mwenye mchi wa mninga, wangekuja kubisha hodi kwetu tu.

Jumapili ile alikuja kula pilau rafiki wa mume wangu, mtu wa Mbeya, baba wa watoto wawili aliyefanya kazi ya bima Dar miaka mingi kabla ya kupata ufadhili wa kuja kusoma uzamivu. Mume wangu akamsimulia habari ya chungu na bega. Mgeni akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana wenzetu wa nchi nyingine hukata bima ya mwavuli. Nilikuwa namimina sharubati, nikasimama na jagi mkononi.

Nikamuuliza ni bima ya nini hiyo. Akasema ni bima inayokukinga na madai ya watu, ukimuumiza mtu bila kukusudia au ukimharibia mali yake, na madai yakawa makubwa kuliko unavyoweza kubeba. Hakusema zaidi kwa sababu mume wangu alidakia mambo ya mikoba anayonunua viwandani Shiling na bei za kusafirisha. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta. Kipo kitu kinaitwa mwavuli. Mtu ananunua, anakifungua juu ya nyumba yake, na mama mkwe anaendelea kukausha mchi wake bila kuambiwa neno. Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza bila kuamka kwenda kuchungulia dirishani.

Nikaenda kuinunua. Kichina changu ni cha sokoni. Najua rangi zote, najua mita na uzito wa kitambaa, najua kumwambia mwenye duka kuwa bei yake imezidi na kumpa mgongo mpaka aniite. Sheria sijui. Nilipaki pikipiki nje ya ofisi ya bima iliyo karibu na kituo cha treni, nikaingia, nikakaa mbele ya dada mmoja mwenye miwani, nikamwambia maneno mawili niliyokuwa nayo: baoxian, yaani bima, na san, yaani mwavuli. Nikamwonyesha kwa mikono, mwavuli mkubwa.

Uso wake ukafunguka. Akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na mwavuli wa buluu wenye nembo ya kampuni. Kumbe ndiyo zawadi wanayowapa wateja. Nami nikatikisa kichwa, hapana, si huu, akaenda akaniletea mwingine mkubwa zaidi. Kisha kama aliyekumbuka jambo, akasita nao mkononi. Baadaye nilielezwa kuwa neno lao la mwavuli linafanana kwa sauti na neno la kutawanyika, kwa hiyo kumpa mtu mwavuli ni kama kumwombea mtengane. Kazi inamtaka autoe, na mila haimtaki. Akatatua kwa kunidai sarafu moja, ili ihesabike nimenunua. Nikatoa sarafu. Nikabaki nimekaa pale na mwavuli wa kweli mapajani na aibu yangu, bila bima yoyote.

Ikabidi nimpigie yule rafiki wa Mbeya, nikaweka simu mezani kati yangu na yule dada, yeye akawa mkalimani. Walizungumza kwa muda. Kisha akarudi kwangu kwa Kiswahili.

"Shemeji, umeanzia juu," akasema. "Umbrella, hiyo ya mwavuli, haikai chini. Kwanza unatakiwa kuwa na bima ya kawaida ya dhima, ya nyumba, ya chombo unachoendesha, ya biashara. Hiyo ina limit yake, kikomo cha kulipa. Klaimu, yaani madai, ikivuka pale, ndipo umbrella inaanza. Kama huna ya chini, hata ya juu hawakuuzii."

Nikamwuliza kwa nini basi wameiita mwavuli kama haifiki chini. Akacheka, akasema nifikirie kikombe cha chai kwenye kisosi. Kikombe ndiyo bima ya kawaida. Chai ikifurika, kisosi kinapokea. Lakini mtu hamiminiwi chai kwenye kisosi kitupu. Akaongeza kuwa bima ile hailipi vitu vyangu mimi, hata nyumba ikiungua na majora yangu yote. Inalipa ninachodaiwa na wengine tu. Tena hapa, kwa jinsi dada alivyomwambia, ya mwavuli inauzwa zaidi kwa makampuni, lakini ya chini, ya dhima ya nyumba, ipo kwa mtu binafsi na ina kipengele cha vitu vinavyoanguka kutoka juu.

Akaanza kunipima kama ninaihitaji hiyo ya mwavuli. Una nini ambacho mtu anaweza kukuchukulia? Nikataja: nyumba tunayojenga Fuoni, Unguja, ambayo haijafika lenta, mizigo iliyo ndani ya kontena la pamoja, na jina la mume wangu sokoni. Madai yanaweza kukujia kwa milango mingapi? Una gari? Hapana. Ghala linaloingia watu? Bado. Wafanyakazi? Hapana. Mbwa? Nikamwambia akumbuke anazungumza na Mwislamu. Basi akasema kwa sasa kikombe kinakutosha, ila chukua kikombe kikubwa. Mwavuli uufikirie mkipata ghala.

Yote haya yalikuwa yananiingia vizuri na moyo ukaanza kutulia. Neno lililonisumbua lilikuwa moja tu, dhima. Sisi tumelikuta neno hilo msikitini kabla ya kulikuta ofisini. Mtu akikuachia mtoto wake, anakwambia dhima ni yako. Nikakumbuka na hukumu ya aliyeua kwa bahati mbaya, tuliyofundishwa chuo cha Kurani tungali wadogo: kuna diya ya kuwalipa wafiwa, na juu yake kuna kufunga miezi miwili mfululizo. Fidia kampuni italipa. Lakini hakuna kampuni itakayofunga kwa niaba yangu, wala itakayonitolea ule mstari wa nywele machoni. Nilikaa katika ofisi ile yenye baridi nzuri ya kiyoyozi na jasho likanitoka upya.

Ndipo yule dada akauliza swali kupitia simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza namba ya nyumba. Je, kwa sasa kuna kitu chochote dirishani au nje ya dirisha ambacho unajua kinaweza kuanguka?

Neno likanitoka lenyewe, neno ambalo wenye maduka wa soko la nguo la Shisanhang wananirushia kila siku hata mzigo ukiwa nyuma ya mlango.

"Meiyou," nikasema. Hakuna.

Akaandika. Rafiki yetu kwenye simu akasema kwa upole kuwa swali lile si la mapambo. Ajali maana yake ni jambo usilolijua. Kama mtu anajua kuna hatari, anaiona kila siku na anaiacha, kampuni ikigundua inaweza kukataa kulipa, na haitakuwa imemdhulumu. Nikamwuliza, na kama mtu ameiacha kwa sababu ya heshima? Akadhani sikumsikia vizuri, akarudia maelezo yake tangu mwanzo.

Nilimwambia yule dada nitarudi kesho. Nikatoka na mwavuli wangu wa buluu, nikautia kwenye kikapu cha pikipiki, nikaendesha hadi Zhongda nikiwa nimekasirika. Nilimkasirikia rafiki wa Mbeya kwa kuleta habari ile, na mume wangu kwa kukwepa mambo ya jikoni. Sikumkasirikia mama, hilo nalo lilikuwa sehemu ya tatizo. Nilikuwa nimetafuta mwavuli wa kunikinga na sentensi moja, nikaambiwa mwavuli huo hautengenezwi.

Kesho sikurudi ofisini. Kesho kutwa pia sikurudi. Siku iliyofuata simu zote za mji zililia kwa pamoja, onyo la kimbunga. Nilikuwa ndani kabisa ya soko, nabishana na muuzaji kuhusu rangi ya zambarau ambayo mteja wangu wa Chake Chake ameing'ang'ania. Wenye maduka wakaanza kushusha milango ya chuma. Nikauacha mzigo, nikatoka nje, mbingu imeiva na upepo unarusha mabaki ya vitambaa barabarani. Nilimpigia mume wangu, yuko Shiling, basi halitoki. Nikampigia mama, simu inaita tu. Mama simu yake huiacha chini ya mto.

Sijui niliendeshaje. Nakumbuka mikokoteni ya majora ikikata mbele yangu, na mvua ya kwanza ikinipiga machoni, na mimi nikisema peke yangu kwa sauti, Mola wangu, leo usinipe mtihani huu. Nilipokata kona ya kichochoro chetu niliona watu. Walikuwa wamesimama duara karibu na mahali pa fundi cherehani, na wote wametazama juu.

Pikipiki niliiangusha hivyo hivyo. Nilijipenyeza kati yao nikitafuta kichwa cha yule mama, na nilipokiona kiko wima, juu ya mabega yake, nikamshika mkono kwa nguvu hata akashtuka. Alikuwa mzima. Alinionyesha juu kwa kidole: godoro la mtu lililoanikwa limekatika kamba upande mmoja, linapigapiga ukuta ghorofa ya sita, na watu wanamwita mwenye nyumba. Wengine walikuwa wakicheka. Nikahesabu madirisha hadi letu. Nikaiona mashine ya kiyoyozi, na ncha ya mchi haikuonekana ukingoni mwa bati.

Basi nikaanza kutafuta chini. Nilitazama nyuma ya cherehani, kwenye mtaro, chini ya magari, kwenye vichaka vya maua, nimeinama katika mvua kama niliyepoteza pete. Fundi akaacha kukunja vitu vyake akaanza kutafuta pamoja nami, na hajui tunatafuta nini. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Nikamwacha, nikaingia kwenye lifti.

Nilipofungua mlango nilisikia sauti ya kinu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, mtoto amelala mkekani pembeni yake, anatwanga thomu na tangawizi kwa utulivu. Mchi ulikuwa mkononi mwake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Akanitazama nilivyolowa, akataka kuinuka aniletee taulo.

Nikamwambia akae. Sijawahi kumwambia mama akae. Kisha nikasema yote, nimesimama pale pale nikichuruzika maji sakafuni, na sauti yangu haikuwa nzuri hata kidogo.

"Mama, mchi usiuweke tena pale nje. Utaanguka. Utamuua mtu, na mimi siwezi, mama, siwezi kulala."

Akaushusha mchi taratibu ndani ya kinu. Nilingoja niuone uso wake ukibadilika, nilingoja kile kimya cha watu wazima ambacho ni kibaya kuliko matusi. Badala yake alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Mwanangu," akasema, "tangu nimekuja hapa hujaniambia hata siku moja kitu hiki kinawekwa hapa, hiki hakiwekwi hapa. Kila nikigusa kitu unanambia sawa mama. Mie nikajua basi, ningali mgeni."

 Nilichokiita heshima miezi yote ile, yeye alikuwa akikipokea kama mlango uliofungwa. Kwao, na kwetu pia nikikumbuka vizuri, mgeni ndiye haambiwi kitu. Mtu wa nyumbani anakaripiwa. Nikaketi sakafuni karibu na kinu, nikamwomba radhi, akanipiga begani kidogo kwa nyuma ya mkono wenye harufu ya thomu. Akasema mchi utakaa ndani ya kile kikapu cha waya, vitunguu vitahama. Alikuwa amejua tangu mwanzo kikapu kile ni cha nini, alikuwa akingoja niseme.

 Halafu akachukua kisu, akaanza kumenya punje nyingine ya thomu ambayo haikuhitajika.

"Kwa kuwa tunaambizana," akasema bila kunitazama, "na mie nnalo langu. Ile pikipiki. Unamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, kichwa kitupu, unaingia naye katikati ya magari, na simu mkononi. Kila ukitoka naye nasimama dirishani mpaka unipotee. Nikisha nakwenda kuswali rakaa mbili. Nilikuwa naogopa kukwambia, nyumba ni yako."

Nilimtazama mtoto aliyelala, vipele vyake shingoni, mdomo wazi. Nilikuwa nimesoma habari za mabega yaliyovunjika, nimejifunza kikombe na kisosi, nimejibu maswali ya milango mingapi madai yanaweza kuingilia. Rafiki wa Mbeya aliponitajia bima ya chombo unachoendesha, ilinipita sikioni kama habari za watu wengine. Nilikuwa nimeiendesha pikipiki ile mpaka ofisi ya bima, nikaipaki mlangoni, na sikuiona.

Mvua ilipopungua nilishuka kuiinua. Fundi cherehani alikuwa ameshaisimamisha ukutani na kuifunika na turubai lake. Ule mwavuli wa buluu ulikuwa bado kikapuni. Nikamwachia, na nikadai sarafu yake, maana na mimi nimeshajifunza. Alicheka sana akanipa.

Wiki ile nilirudi kwa yule dada mwenye miwani. Akaniuliza swali lake tena na safari hii nilimjibu meiyou kwa moyo mweupe. Nikachukua bima ya dhima ya nyumba, yenye kipengele cha vitu vinavyoanguka, na nyingine ya pikipiki. Ya mwavuli sikuchukua. Tukipata ghala, wateja wakaanza kupanda ngazi na vibarua kubeba majora, nitaichukua, na sasa najua nitakuwa nanunua nini. Mtoto simpandishi tena pikipiki. Mimi mwenyewe navaa kofia ngumu, na bado naogopa vitu vingi, ndivyo nilivyoumbwa.

Kiyoyozi kinanguruma kutwa. Mama ameanza kulalamika kuwa naosha mchele vibaya, kwamba nguo za mtoto nazikunja kivivu, kwamba chai yangu haina nguvu. Na mimi nimemkataza kufungua dirisha lile. Asubuhi nikifika chini nainua kichwa, namwona nyuma ya kioo amembeba mtoto, ananionyesha kwa kidole nifunge ukanda wa kofia.